Jirani wa Harambe: Mashabiki walivyovutana kuhusu mtaa wa Avatar

Msomaji mpendwa, tuseme leo Jumapili umewatoa watoto matembezi. Mmepiga kasia kwenye mashua, mmekula aiskrimu, na sasa mmeketi kivulini mkipumzisha miguu. Mara mtu anakuja kuwaambia kwamba mahali hapo mlipopazoea patavunjwa, pajengwe kitu kipya kilichotokana na filamu ambayo kila mtu aliitazama mara moja, akaisifu, kisha akaisahau. Utakubali? Au utauliza ni nani aliyetoa ruhusa?

Swali kama hilo liliwakosesha usingizi watu wengi huko Marekani kuanzia Septemba 2011. Usicheke ukadhani ni mambo ya watoto. Waliobishana walikuwa watu wazima wenye kazi na familia zao, na walibishana kwa karibu miaka sita. Isitoshe, sisi watu wa huku tuna jamaa yetu katika kisa hiki, maana kitu kilichogombaniwa kilijengwa jirani na kijiji cha Waswahili. Vuta kiti nikusimulie.

Kijiji kisicho kwenye ramani

Katika jimbo la Florida, karibu na mji wa Orlando, kampuni ya Disney ina bustani nne kubwa za burudani. Mtu hununua tiketi, ambayo siku hizi huzidi dola 100 kwa siku moja, yaani zaidi ya shilingi 12,000 za Kenya, kisha hushinda humo akipanda vyombo vya kila aina na kutazama maonyesho. Kila bustani imegawanywa katika sehemu ambazo wenyewe huziita 'nchi'. Sisi hapa tuziite mitaa, ili tuelewane.

Bustani ya nne, Animal Kingdom, ilifunguliwa Aprili 22, 1998. Ina ukubwa wa zaidi ya ekari 500, na ndani yake mna wanyama hai: ndovu, twiga, simba, vifaru na wengineo. Katikati umesimama Mti wa Uhai, mti wa kutengenezwa wenye urefu wa futi 145, uliochongwa mamia ya wanyama kwenye shina lake. Mifupa ya mti huo, amini usiamini, ni chuma cha aina ile ile inayotumiwa kujengea mitambo ya kuchimba mafuta baharini.

Kiongozi wa wabunifu wa bustani hiyo alikuwa Joe Rohde, bwana aliyejulikana kwa hereni nyingi zilizoning'inia kwenye sikio lake moja. Kabla ya kuweka hata jiwe moja, yeye na wenzake walisafiri hadi Afrika Mashariki na Asia, wakatazama wanyama, nyumba, barabara na hata jinsi chokaa inavyobanduka ukutani.

Matokeo ya safari hizo ni Harambe. Neno hilo unalijua tangu utotoni; wao wameipunguza 'e' moja tu mwishoni. Harambe ni kijiji cha kubuni cha pwani ya Afrika Mashariki, kilichoigwa zaidi kutoka mji wa Lamu. Kuta zake zimepasuka kwa makusudi ili zionekane kuukuu. Mapaa mengine ni ya mabati. Njia zimetiwa alama za magurudumu ya magari, ingawa ni saruji tupu. Kuna kibanda cha vinywaji kiitwacho Dawa Bar na kingine Tamu Tamu, na ukutani pameandikwa "Uhuru 1961", kana kwamba kijiji hicho kilipandisha bendera yake miaka miwili kabla yetu. Ukiondoka hapo unapanda lori lililo wazi ubavuni, ukaenda kuwaona wanyama katika safari waliyoipa jina la Kilimanjaro.

Sasa angalia jambo moja, kwa kuwa ndilo kiini cha ugomvi wote. Harambe haikutokana na filamu yoyote. Kijiji cha upande wa Asia, kiitwacho Anandapur, nacho hakikutokana na filamu. Mlima wa Everest walioujengea garimoshi la kasi hapo 2006 hauna filamu pia. Mgeni aliingia akajiona amefika mahali fulani duniani, wala hakudaiwa kuwa ametazama sinema fulani kwanza. Mashabiki wa bustani hiyo walijivunia jambo hilo kama mtu anavyojivunia boma la babu yake.

Tangazo lililowasha moto

Mnamo Desemba 2009 filamu ya Avatar, iliyoongozwa na James Cameron, ilitoka duniani kote. Bila shaka wewe au kaka yako mlijipanga kuitazama kwa ile miwani maalum. Inasimulia habari za Pandora, mwezi wa mbali wenye misitu ing'aayo usiku, ambako wanaishi Wanavi, watu wa rangi ya buluu wenye kimo cha karibu mita tatu. Binadamu wanafika huko mwaka wa 2154 kuchimba madini, na kwa tamaa yao wanauangusha mti mkubwa ambao ndio makao ya watu hao. Filamu hiyo ilivuna zaidi ya dola bilioni 2.7, kiasi ambacho filamu nyingine yoyote haikuwa imefikia.

Kisha Septemba 20, 2011, Disney wakatangaza kwamba wamekubaliana na Cameron kujenga mtaa mzima wa Avatar. Na wapi? Ndani ya Animal Kingdom, mwendo mfupi tu kutoka Harambe.

Loo! Ilikuwa kama mtu ametia kijiti ndani ya mzinga wa nyuki.

Wapinzani walikuwa na hoja zao, tena si za kupuuzwa. Ya kwanza ilikuwa ya mahali. Bustani hii ni ya wanyama wa kweli, walisema. Viumbe wa buluu wa mwezi usiokuwepo wanatafuta nini karibu na twiga? Ya pili ilikuwa ya umri. Filamu huvuma kwa msimu, lakini jengo la saruji hukaa miaka hamsini. Walipenda kuulizana kama kuna mtu anayekumbuka jina la mhusika hata mmoja wa Avatar. Jaribu hapo ulipo, msomaji, bila kumuuliza mwanao. Ukipata mawili, umejitahidi.

Hoja ya tatu ilikuwa ya ukoo. Wakati huo Avatar haikuwa mali ya Disney hata kidogo. Ilikuwa ya kampuni ya Fox, ambayo Disney ilikuja kuinunua sehemu kubwa yake mwaka wa 2019. Kwa nini, wakauliza, mtu mwenye watoto wake wengi amlee wa jirani?

Na hoja ya nne ilikuwa ya ahadi iliyovunjwa. Katika michoro ya mwanzo kabisa, Animal Kingdom ilipangiwa mtaa wa wanyama wa hadithini ulioitwa Beastly Kingdom, wenye majoka yatemayo moto na farasi wenye pembe moja. Ndiyo maana hata nembo ya bustani ilichorwa joka. Mtaa huo haukujengwa. Mahali pake pakawekwa kambi ya watoto iitwayo Camp Minnie-Mickey, na mashabiki wakasubiri mwaka baada ya mwaka. Sasa wakaambiwa kwamba kiwanja kile kile walichokuwa wakikitazamia kimepewa Avatar. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga. Lakini hapa wenyeji waliona mgeni ndiye atakayepona.

Waliounga mkono hawakukaa kimya

Usidhani upande wa pili ulikosa la kusema. Wao walijibu kwamba kama kuna filamu inayofanana na nia ya bustani hiyo, ni Avatar. Animal Kingdom ilijengwa kumfundisha mtu kuheshimu viumbe na misitu; Avatar inalilia msitu unaokatwa. Tena, kama majoka yangeruhusiwa, kwa nini viumbe wa Pandora wakatazwe? Yote ni ya kubuni.

Wakataja pia jambo la saa. Wanyama hurudishwa mabandani giza linapoingia, na kwa miaka mingi bustani hiyo ilifungwa mapema kuliko zile nyingine tatu. Msitu unaong'aa usiku ungewapa wageni sababu ya kubaki.

Na wapo waliosema wazi kilichokuwa kikinong'onwa: kwamba jambo hili lilianzia kwa jirani. Mnamo Juni 2010, bustani ya Universal iliyo mji huo huo wa Orlando ilifungua mtaa wa Harry Potter, wenye ngome ya Hogwarts, maduka ya fimbo za kichawi na kinywaji kile kinachotajwa vitabuni. Watu walifurika. Disney wakajikuta kama mwenye duka ambaye wateja wake wote wamevuka barabara. Kwa hiyo, walisema, si suala la mapenzi ya Avatar, ni suala la biashara, na biashara isiyojibu hufa.

Lakini hapo wapinzani wakapata silaha nyingine. Harry Potter, walisema, ana wasomaji waliokua naye kitabu baada ya kitabu. Mtoto anajua angeishi bweni gani Hogwarts. Ni nani aliyewahi kuota kuishi Pandora? Na si kichekesho, waliongeza, kwamba filamu inayolaani kampuni kubwa inayovamia msitu wa watu inageuzwa na kampuni kubwa kuwa duka la kuuzia wanasesere?

Miaka miwili ikapita karibu kimya. Wengine wakaanza kuamini mradi umekufa. Kumbe la! Mnamo Januari 2014 Camp Minnie-Mickey ikafungwa na tingatinga zikaingia.

Simba ahamia Harambe

Hapa ndipo kisa kinapogusa ua wetu. Ndani ya kambi hiyo iliyofungwa mlikuwa na onyesho la nyimbo na sarakasi lililotokana na The Lion King, filamu ya 1994 ambayo wewe na wanao mnaijua vizuri. Lilikuwa linapendwa mno, na haikuwezekana kulitupa. Lihamishiwe wapi? Likajengewa ukumbi mpya huko Harambe, likafunguliwa Juni 2014.

Kwa hiyo Avatar ilipokuja, ilimsukuma Simba, na Simba akabisha hodi kwenye kijiji cha mfano wa Lamu. Mashabiki wengi hawakulalamika. Waliona Simba amerudi kwao. Lakini hebu tulitazame jambo hili kwa macho yetu wenyewe.

The Lion King imejaa maneno yetu. Simba, Rafiki, Pumbaa, na usemi wa "hakuna matata", ambao bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa iliuimba katika Jambo Bwana mwaka wa 1982, miaka kumi na miwili kabla ya filamu hiyo. Disney waliusajili usemi huo Marekani kama alama ya biashara, na mnamo 2018 watu wengi wa Afrika na kwingineko walitia saini kulipinga jambo hilo. Zaidi ya hayo, katika filamu nzima hakuna mtu hata mmoja. Afrika ile ni ya wanyama tu. Maneno yapo, wenyewe hawapo.

Harambe, pamoja na kasoro zake, ina watu. Ina majina ya wenye maduka, matangazo ukutani, na tarehe ya uhuru. Unaweza kuulalamikia ukuta uliobanduka, ukasema wametuonyesha tukiwa wachakavu ilhali Lamu ya kweli, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2001, ni mji wa milango ya nakshi na elimu ya kale. Malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo mtoto wa Florida anayepita Harambe anaondoka akijua angalau kwamba pwani yetu ina miji, na kwamba miji hiyo ina watu walioipigania. Hilo hafundishwi na Simba.

Mlango ulipofunguliwa

Mei 27, 2017, mtaa wa Pandora ulifunguliwa, ukubwa wake ekari 12. Aliyeongoza ubunifu wake ni yule yule Joe Rohde wa Harambe. Foleni za kupanda chombo kikuu, kiitwacho Flight of Passage, zilikuwa za saa kadhaa. Mtu huketi kama aliyepanda pikipiki, akavaa miwani, kisha akajiona ameruka juu ya ndege mkubwa wa Pandora, huku akihisi mnyama huyo akipumua katikati ya miguu yake. Mtaani penyewe milima imening'inia hewani kama mawingu, na usiku ukiingia mimea na hata njia za kukanyaga hung'aa.

Wengi waliokuwa wamepinga walikwenda, wakapanda, wakakiri kwamba pamejengwa vizuri. Kwa makadirio ya wanaofuatilia biashara hiyo, wageni wa Animal Kingdom walipanda kutoka karibu milioni 10.8 mwaka wa 2016 hadi milioni 12.5 mwaka wa 2017. Hata hoja ya kwamba Avatar imesahauliwa ilipata jibu Desemba 2022, filamu ya pili ilipotoka na kuvuna zaidi ya dola bilioni 2.

Je, basi wapinzani walikosea? Mimi nasema hawakukosea, na hapa naomba unisikilize vizuri.

Tazama jinsi mtaa ule ulivyojengwa. Hadithi yake imewekwa miaka mingi baada ya vita vya filamu. Wachimbaji wameshaondoka, mitambo yao imeachwa ikila kutu, na majani yameanza kuifunika. Mgeni anapokelewa kama mtalii aliyekuja kutazama msitu unavyopona. Hakutani njiani na Jake Sully wala Neytiri wakimpungia mkono. Mtu asiyewahi kuitazama Avatar anaweza kushinda hapo mchana kutwa asipotee. Kwa maneno mengine, wabunifu walijenga mahali kwanza, filamu ikafuata nyuma. Walijenga Pandora kwa njia ile ile waliyojenga Harambe.

Na hilo ndilo mashabiki walilokuwa wakililinda tangu mwanzo, ingawa wengi wao walidhani wanalinda majoka. Kelele zao hazikuuzuia mradi. Kampuni haikupiga kura. Lakini ziliwataja waziwazi watu watakaosimama pale siku ya kwanza wakitafuta kosa, na fundi anayejua atakaguliwa hapigi lipu kwa haraka.

Lakini wasiwasi wao mmoja ulitimia. Mlango uliofunguliwa kwa Avatar haukufungwa tena. Agosti 2024 Disney walitangaza kwamba DinoLand, mtaa wa dinosau uliokuwepo tangu 1998, utabomolewa, na mahali pake patajengwa mtaa wa Amerika ya nchi za joto, wenye nyumba ya familia ya Encanto, filamu ya 2021, na hekalu la Indiana Jones. Mwaka uliotajwa wa kuufungua ni 2027. Ubishi ukaanza upya. Wapo waliofurahi kuona nchi za Amerika Kusini zikipewa nafasi. Wapo waliouliza Indiana Jones, bwana wa kofia na mjeledi, ana uhusiano gani na wanyama, wakajibiwa kwamba atakuwa akimtafuta kiumbe wa ajabu ndani ya hekalu la Wamaya. Na wapo waliosikitikia tu dinosau wao, kwa kuwa walipelekwa pale na baba zao wakiwa wadogo, na walitumai kuwapeleka watoto wao.

Harambe itapisha lini?

Ukipiga hesabu utaona kwamba kila mtaa mpya mkubwa uliotangazwa humo tangu 2011 umetoka kwenye filamu. Harambe bado imesimama, ikimchukua Simba kama mpangaji. Siku moja huenda mtu akaamka akaona kijiji kisicho na filamu ni hasara, akachora kingine. Siku hiyo watakaopiga kelele ni mashabiki wa Florida, watu ambao wengi wao hawajawahi kukanyaga Lamu. Ni ajabu, lakini ndivyo ilivyo: mfano wa mji wetu unalindwa na wageni wanaoupenda, kwa kuwa sisi wenyewe hatukuulizwa ulipojengwa wala hatutaulizwa ukivunjwa.

Lakini Lamu ya kweli ni yetu, na juu yake tunaulizwa kila siku kwa namna tunavyoitunza. Ndivyo ilivyo pia kwa uwanja wa mtaani kwako, jumba la sinema la zamani lililogeuzwa kuwa duka, na bustani ambayo watoto wako wanachezea leo. Mashabiki hao wa ng'ambo wametuonyesha kitu kimoja: mtu hupata haki ya kusema juu ya mahali kwa kupajua. Wao walijua historia ya kila ukuta, mchoro uliotupwa, na ahadi iliyosahauliwa. Ndipo waliposema, wakasikika hata walipokosa kushinda.

Kwa hiyo jioni hii, mkishamaliza kula, waulize watoto swali hili: ni mahali gani hapa mjini ambapo wangekasirika wakisikia panavunjwa? Kisha waulize wanajua nini kuhusu mahali hapo. Wakikosa jibu la pili, wewe mzazi unajua kazi yako ya Jumapili ijayo.